Mtutu wa Mita Themanini

Karakana, 9 Februari

Mpwa wangu Kiwembe,

Salamu ninazokutumia leo ni nzito, za chuma, na kama karani wa posta ana akili angezipima kwa kilo. Sisi huku wazima. Mama yako kikohozi kimemwachia. Juzi aliniambia ninaongea sana, nikajua dada yangu kapona. Mke wangu anakusalimu. Bati la jikoni lililokuwa linavuja nimeliziba kwa mkono mmoja, mkono wa pili nimeshika kikombe cha chai, na majirani walitoka nje kutazama.

Barua yako nimeipokea na nimeisoma mara moja. Mimi nikisoma mara moja inatosha. Unasema karatasi ya Mekanika imekushinda, mtihani wa kurudia ni mwezi wa nane, na wewe hutaufanya. Unasema umechoka, unarudi nyumbani moja kwa moja, na mimi ndiye nimwambie mama yako kwa kuwa mimi ndiye mwenye maneno. Nimesikia. Jumamosi nilikwenda kwake makusudi, nikamkuta anaanika mashuka. Sasa mashuka yakiwa kwenye kamba, wewe huku na yeye kule, hamwonani uso, huwezi kumwambia mtu jambo kama hilo. Nitakwenda tena.

Tuyaache hayo, kuna jambo la haraka. Unajua saa ya chakula hapa karakana hakuna anayekula mpaka mimi nimesema kitu. Nilishawapa ile hadithi ya ekseli ya treni niliyoikereza huku treni inatembea. Sasa nina mpya. Kuna mzinga mkubwa unaomtupa mtu juu mpaka anaizunguka dunia bila kuanguka. Mtu mwenyewe ni fundi wa kukereza vyuma, umri wangu, urefu wangu, na kwa bahati tu anafanana na mimi. Hadithi ilikuwa imenoga, ndipo mchomeleaji wetu, yule ambaye miwani yake myeusi haivui hata akila, akauliza mtutu wa mzinga huo una urefu gani. Watu wakaacha kutafuna wakinigeukia. Nikamwambia asubiri, mpwa wangu ni injinia, ataleta jibu kwa maandishi.

Kwa hiyo lete. Nimesoma kwenye jarida lililokuja limefungiwa vipuri kwamba mzinga mkubwa wa kawaida, mtutu wake mita kumi, unatupa risasi kwa kasi ya kilomita moja kila sekunde. Ukurasa wa pili ulikuwa na grisi sikuona mengine. Hesabu ningeipiga mwenyewe, unanijua. Shule niliiacha kwa sababu walimu walikuwa wamebakiwa na kidogo sana cha kunifundisha. Lakini mikono yangu ina mafuta na karatasi zinachafuka.

Mjomba wako,
Fundi Mkuu, Mashine Namba Moja


Bweni, chumba cha 14
2 Machi

Shikamoo Mjomba,

Mimi mzima. Mwenzangu wa chumbani amehamia kwa dada yake, kwa hiyo dirisha lote ni langu. Msalimu mke wako, na umwambie ile sweta aliyonifumia naivaa, ingawa mkono mmoja una urefu wa mikono miwili.

Begi langu limefungwa tangu wiki iliyopita. Liko chini ya kitanda, nikitaka soksi nafungua zipu nusu, natoa, nafunga. Nakuomba usiniite injinia mbele za watu. Na Mashine Namba Moja ndiyo mashine ya kukereza iliyopo hapo peke yake, namba mbili hakuna.

Hesabu yako ni hii. Kitu kikitupwa mlalo kwa kasi ya kutosha, kinaanguka kama vitu vingine, lakini dunia nayo imejikunja chini yake, basi kinaanguka siku zote na chini hakifiki. Kasi hiyo ni kama kilomita nane kwa sekunde. Mzinga wa jarida lako, kwa mita kumi, unatoa kilomita moja. Wewe unataka nane, mara nane. Refusha mtutu mara nane, nguvu ya kusukuma ibaki ile ile. Mita themanini. Nimeipiga kwa dakika mbili mgongoni mwa tangazo.

Unaona kwamba najua. Jibu kama hili hili niliandika kwenye mtihani, mwalimu wa Mekanika akaninyima alama kwa sababu hanipendi. Wenzangu walikwenda ofisini kwake kuangalia karatasi zao. Mimi sikwenda na sitakwenda.

Mama umeshamwambia?

Mpwa wako


Karakana, 20 Machi

Kiwembe,

Salamu baada ya kazi. Huku kila mtu mzima isipokuwa mchomeleaji, ambaye ana ugonjwa wa kubisha. Kwa mama yako nilifika Jumapili nikiwa nimejiandaa kabisa, hata koo nimelisafisha, nikamkuta anacheka na redio. Mimi si mtu wa kumkatiza mtu kicheko.

Mita themanini zimefika. Jumatatu nilizichora sakafuni kwa chaki, wote wanatazama. Karakana yetu ina mita ishirini na mbili tu, kwa hiyo mtutu ulifika ukutani ukakata kona, ukazunguka mashine yangu, ukapita chini ya meza ya mtunza stoo ukarudi. Mchomeleaji akauliza kama risasi nayo itapiga honi kwenye kona. Watu walicheka. Mimi sikucheka, nikasema kesho mtaona mzinga ukifanya kazi.

Meneja hataki milipuko, basi nikautengeneza mzinga wa adabu. Nilichukua chuma cha pembe, kile cha mita nne, nikakilaza kama mfereji kwenye meza ya kazi, upande mmoja umeinuka kidogo. Risasi ni gololi ya beringi. Unaiachia, inabiringika, inatoka ukingoni mwa meza, inaangukia sakafuni nilipopaka grisi, inaacha alama. Meza ni ile ile, kwa hiyo muda wa kuanguka ni ule ule. Ikitoka na kasi mara mbili lazima iangukie mbali mara mbili. Hilo nililijua mwenyewe, wala usidhani nimesoma mahali.

Gololi niliyoiachia mita moja kutoka ukingoni iliangukia sentimita arobaini. Nikawatangazia kwamba sasa naiachia mita mbili, mtutu maradufu, kasi maradufu, na itaangukia themanini. Nikaweka hata sarafu pale itakapogonga.

Iliangukia hamsini na sita.

Nikabadilisha gololi. Hamsini na sita na nusu. Nikakipangusa chuma kwa petroli, nikaweka pima maji upya kuona kama meza imelala sawa, nikamfukuza mchomeleaji kwa sababu anapumua sana. Hamsini na sita. Mara saba, mpwa wangu, tepu mkononi, mtunza stoo ameshika ncha ya pili, na unajua sheria yetu ya tepu: tepu ikivutwa mara moja unashikilia hapo hapo, mwenzako bado anapima. Mama wa watu alishikilia mpaka akapiga magoti. Hiyo themanini niliipata tu nilipoiachia gololi kutoka mita nne.

Sasa ama sakafu ya karakana ni mwongo, ama wewe. Sakafu naifahamu tangu inamwagwa. Nakutumia gololi yenyewe kwenye kiberiti, uiulize.

Fundi Mkuu


Karakana, 18 Aprili

Kiwembe,

Wote wazima. Posta nimekwenda kuikagua, iko mahali pake na karani hana deni la barua yangu. Kwa hiyo najua umepata.

Hesabu si lazima. Niambie tu kama gololi ilifika, maana kiberiti kilikuwa chepesi. Mama yako aliuliza mbona huandiki, nikamwambia unanisaidia kazi fulani ya ufundi. Kwa mara ya kwanza mwaka huu sikuongeza chumvi.

Mjomba


Bweni, chumba cha 14
6 Mei

Shikamoo Mjomba,

Gololi ilifika. Nilikasirika na wewe wiki mbili nzima, kisha nikajikasirikia mwenyewe, ndiyo maana kimya.

Mwanzo nilitaka kukuonyesha kwamba umekosea. Nilichomoa reli ya pazia, nikaiegemeza kwenye vitabu ukumbini, nikapaka dawa ya meno sakafuni mahali pa grisi. Mita moja, gololi ikaangukia arobaini na tatu. Mita mbili, sitini na moja. Wasichana wa chumba cha 12 walidhani nimechanganyikiwa, mmoja akanishikia ncha ya tepu. Nilirudia mpaka dawa ya meno ikaisha, nikakaa pale pale sakafuni.

Sakafu yako haisemi uongo. Mita ya kwanza gololi inaipita polepole, inasukumwa muda mrefu. Ikifika mita ya pili tayari ina mbio, inaipita upesi, inasukumwa muda mfupi. Mita zinafanana, muda haufanani. Ukitaka kasi mara mbili, urefu uwe mara nne. Ukitaka mara tatu, mara tisa.

Kesho yake nilikwenda kwa mwalimu wa Mekanika. Nilikuwa nimejiandaa kugombana. Alifungua droo ya chini, akatoa karatasi yangu, akaniachia nisome yeye akiendelea kula karanga. Swali la tatu, la nne, na nusu ya la tano, kosa ni moja tu, hili hili. Pembeni mwa swali la tatu ameandika kwa wino mwekundu: “Muda au umbali?” Maneno hayo yalikuwa yananisubiri kwenye droo miezi mitatu. Aliniuliza nani aliyenielewesha. Nikamwambia mjomba wangu, mkereza vyuma. Akasema nikusalimu.

Kwa hiyo mtutu wako ni nane mara nane, sitini na nne, mara mita kumi. Mita mia sita na arobaini. Futa chaki.

Na kuna habari mbaya ya abiria. Ndani ya mtutu huo kila kilo ya mwili wake itabanwa kama ina uzito wa kilo elfu tano. Mtu wa kilo themanini anakuwa tani mia nne. Atafika mdomoni mwa mzinga akiwa mwembamba kuliko karatasi hii. Samahani, najua anafanana na wewe.

Begi bado limefungwa. Mama umemwambia?

Mpwa wako


Karakana, 25 Mei

Mpwa wangu, fahari ya ukoo,

Nakusalimu nikiwa nimesimama. Salamu za mwalimu wako nimezipokea na nimezisoma mbele ya karakana nzima mara tatu, mara ya tatu meneja naye alikuwepo. Kuhusu kosa la mita themanini, nimewaeleza kwamba lilikuwa la wachapaji wa lile jarida. Heshima ya ukoo wetu iko pale pale. Na kwa siri nakwambia nilishaligundua tangu mwanzo, nilikuwa nakusubiri.

Lakini abiria hafi. Hilo sikubali. Mtu ana mke na watoto, mashine yake ameiacha inazunguka. Nimependekeza alazwe kwenye pipa la mafuta mazito. Mtunza stoo anasema magodoro, manne chini, manne juu. Mchomeleaji, ambaye sasa ndiye anayewahi kufika saa ya chakula kuliko wote, anasema aende yeye, kwa kuwa ni mwembamba tayari. Tafuta njia. Kama mtutu mfupi unamponda, mrefu kiasi gani utamtunza? Chuma kipo.

Kwa mama yako nilikwenda. Kabla sijafungua mdomo akaanza yeye, akiwasimulia majirani jinsi mwakani utakavyovaa joho, na amekwisha amua atakaa mstari gani wa viti. Nikanywa chai, nikaondoka.

Fundi Mkuu


Bweni, chumba cha 14
14 Juni

Shikamoo Mjomba,

Huku mvua, na paa la ukumbi linavuja, nimekukumbuka wewe na kikombe chako.

Pipa na magodoro havisaidii, kwa sababu kinachomponda ni mwili wake mwenyewe. Dawa ni kumsukuma taratibu. Mtu mzima akilala chali anaweza kuvumilia kuwa mzito mara tatu kwa dakika chache. Kwa msukumo huo, ili afikie kilomita nane kwa sekunde, mtutu unatakiwa uwe kilomita elfu moja na zaidi kidogo. Kutoka lango la karakana mpaka kitandani kwangu ni mia tatu na arobaini. Mtutu utapita chini ya dirisha langu na kuendelea mbele safari mbili nyingine kama hiyo. Mtu hatupwi kwa mshindo, Mjomba. Kinachoweza kutupwa kwa mshindo ni mzigo usio na mifupa.

Na hata mzigo una shida mbili. Ya kwanza ni hewa. Risasi ikitoka mdomoni kwa kasi hiyo inakutana na hewa nzito ya huku chini kama ukuta, itawaka, lazima ivalishwe kofia ya kustahimili moto na mdomo wa mzinga uwe juu ya mlima. Ya pili ndiyo iliyonikalisha macho wazi darasani. Kitu kilichotupwa kutoka ardhini, ukikitupa kwa kasi ya kuzunguka dunia, njia yake yote inarudi kupita pale pale kilipoanzia. Na pale kilipoanzia ni ardhini. Kinapanda vizuri, kinazunguka vizuri, kisha kinarudi nyumbani na kujipigiza. Mzinga peke yake hauwezi, hata uwe wa chuma gani. Mpaka kikifika juu kabisa, mahali ambapo kinakwenda polepole kuliko kote, kisukumwe tena kidogo. Injini yenyewe inaweza kuwa ndogo. Lakini iwe huko juu, na iwake wakati huo.

Usajili wa mtihani wa kurudia unafungwa tarehe 31 Julai. Bado sijajiandikisha. Hesabu sasa najua, tatizo si kujua. Nilishindwa mara ya kwanza nikidhani mwalimu hanipendi. Nikikaa kwenye chumba kile nikashindwa mara ya pili, nitamsingizia nani?

Nakuuliza kitu. Mimi nikiwa mdogo uliniambia uliacha shule kwa sababu walimu waliishiwa. Baadaye ukasema ukuta wa darasa uliangukia upande wako. Mwaka juzi ukasema mkuu wa shule alikuonea wivu wa viatu. Nipe moja ya kweli.

Mpwa wako


Karakana, 3 Julai

Kiwembe,

Wote wazima. Leo salamu zitaishia hapo.

Nilishindwa karatasi moja. Hesabu. Mtihani wa kurudia ulikuwa baada ya miezi minne. Nikamwambia baba nitakaa nyumbani wiki moja, nipumzike kichwa. Karakana ilikuwa inataka mtu wa kufagia chenga za chuma kwa wiki hiyo, nikaja. Wiki yenyewe ina miaka thelathini na moja sasa.

Hakuna aliyenifokea. Watu wote walinipokea vizuri, baba alifurahi nyumba ina mwanaume wa pili, na mambo yalikuwa laini hivyo mpaka tarehe ya mtihani ikapita, nikaisikia kwa jirani. Mama yako peke yake, akiwa ameolewa mbali, aliniandikia barua tatu kuniambia nirudi. Sikumjibu hata moja. Sasa unajua kwa nini sijamwambia habari zako. Mashuka yalikuwepo kweli, na redio, na majirani. Lakini nilijua nikitamka mbele yake maneno “mtihani wa kurudia”, hatakutazama wewe uliye mbali. Atanitazama mimi.

La pili. Siku ile ya tarehe 9 Februari hadithi ya mzinga haikuwepo. Jarida lilikuwepo, na grisi yake. Nilisoma barua yako, nikaona neno Mekanika, nikatafuta kitu chochote cha kukufanya ufungue kitabu. Mchomeleaji alianza kuuliza urefu wa mtutu wiki tatu baadaye, na hapo ikabidi hadithi iwepo, na sasa watu hawali mpaka wajue abiria kafikia wapi. Ndiyo hadithi ya kwanza niliyowahi kuitunga ambayo hesabu zake ni za kweli.

Umesema njia yake inarudi pale pale ilipoanzia, na kwamba injini ya huko juu inaweza kuwa ndogo. Mimi ndiyo ukubwa wangu huu, Kiwembe. Nenda kajiandikishe.

Mjomba wako


Bweni, chumba cha 14
22 Agosti

Shikamoo Mjomba,

Nilijiandikisha tarehe 31 Julai, karani akiwa ameshashika funguo za kufungia ofisi. Mtihani nimeufanya jana.

Gololi ilikuwa mfukoni. Swali la nne lilikuwa la lori: likienda kasi mara mbili, litahitaji umbali mara ngapi kusimama likifunga breki? Ni mfereji wako wa chuma, Mjomba, umegeuzwa tu kichwa chini. Nilicheka kwa sauti, msimamizi akaja kuangalia meza yangu kama nina karatasi ya siri. Nikaandika mara nne. Pembeni nikachora meza, na grisi.

Mama nimemwandikia mwenyewe, barua yake nimeitia posta pamoja na hii. Nimemweleza habari zote, tangu Februari. Usikimbie akija.

Hadithini abiria umweke chini. Mtupe mchele, mbegu, maji, nati na boliti, na yeye abaki kuendesha mzinga. Begi nimelifungua. Lilikuwa na soksi moja tu, vingine vyote nilishavitoa bila kujua.

Majibu yanatoka mwezi wa tisa. Haya, mengine sina.

Mpwa wako


Karakana, 19 Septemba

Injinia,

Sasa nakuita, na hukatazi. Barua ya majibu yako ilifika saa ya chakula. Nilipanda juu ya meza ya kazi nikaisoma mpaka muhuri. Mchomeleaji alivua miwani. Miaka kumi na tisa nafanya naye kazi, sikujua ana macho madogo hivyo. Nimewaambia ulipata alama kubwa kuliko zote tangu chuo kijengwe. Wewe ukija usinikanushe, nyamaza tu uangalie pembeni.

Mama yako alishakuja. Alikuja mwisho wa Agosti, hapa hapa karakana, barua yako mkononi, bado ina makunyanzi ya kukunjwa. Nilizima mashine. Nilikuwa nimeandaa maelezo ya kutosha saa nzima. Hakutaka hata moja. Alinitazama kama nilivyojua atanitazama, akasema:

“Na wewe je?”

Basi, akaondoka. Maneno matatu, baada ya barua tatu.

Jana mchomeleaji alisema hadithi haiwezi kwisha bila mtutu wa kweli kupimwa, mita mia sita na arobaini zote, zimenyooka, bila kona. Nikamwambia chukua ncha. Tulianzia kwenye mashine yangu, tepu ya mita thelathini, chaki kila tunapohamia. Tukatoka langoni, tukapita kituo cha mafuta, fundi viatu akanyanyua miguu tupite. Vipande ishirini na kimoja, na mita kumi juu yake. Mimi nilikuwa mbele, macho chini kwenye tepu, kwa hiyo sikuona ninakokwenda, na hilo ni kweli tupu.

Ningependa kukwambia mtutu ulikomea langoni kabisa pa ile shule yangu niliyoiacha. Hivyo ndivyo nitakavyowasimulia watu. Wewe nakwambia ilivyokuwa: ulipita lango kwa hatua kumi na moja, ikabidi niingie ndani. Nilipiga alama yangu ya chaki, nikainua kichwa, nikajikuta nyuma ya mwanamke mwenye faili, na mbele yake watu wazima wengine sita, na dirisha la karani. Wanaandikisha masomo ya jioni, ya watu waliokatiza. Karani akaniuliza nimekuja kumwandikisha nani.

Kule nyuma mchomeleaji alikuwa amechoka kuinama, akapiga kelele kuuliza kama tumemaliza tuondoke.

Nikaivuta tepu mara moja, kwa sheria yetu.

Mjomba wako,
Mashine Namba Moja